Bando la Bei Chee Lililochelewa: Kabla Hujahama Kampuni ya Intaneti, Piga Hesabu Hizi

Wiki hii hatuzungumzii viwango vya kubadilisha pesa. Tunazungumzia wifi ya nyumbani. Kuna msomaji ataguna: hivi wifi na akiba vinahusiana vipi? Subiri kidogo. Sisi tunaouandika ukurasa huu tuliwahi kuishi watano kwenye nyumba moja ya kupanga mashariki mwa London. Dada wawili, mmoja wa usafi na mwingine wa kulea wazee, kaka wawili wa ujenzi, na mwenzetu mmoja aliyekuwa akipanga bidhaa dukani usiku. Mwaka 2019 tulihama kampuni ya intaneti ili tuokoe pauni 11 kwa mwezi. Tulipokaa baadaye mezani na daftari, tukakuta tumepoteza. Siyo pesa nyingi, lakini tumepoteza, na sababu haikuwa bei. Sababu ilikuwa siku 42 za kungoja.

Tangu hapo kila mtu anapotuandikia "nimepata ofa ya intaneti, simu na laini ya mkononi vyote pamoja, nihame?", tunamrudisha kwenye daftari lile. Leo tunaliweka hapa lote.

Pauni 11 zilivyotuvuta

Tulikuwa tunalipa pauni 33 kwa mwezi. Kampuni moja ndogo, hatutaitaja, ikaja na kifurushi cha pauni 22: intaneti, laini ya simu ya nyumbani, na juu yake kadi moja ya simu ya mkononi yenye dakika na bando kidogo. Mkataba miezi 18. Pauni 11 mara 18 ni pauni 198. Kwa wakati ule pauni moja ilikuwa karibu shilingi 2,900 za Tanzania au 130 za Kenya, kwa hiyo kichwani mwetu tuliona kama laki tano na nusu na zaidi za Tanzania zinaokotwa barabarani. Tukakubaliana pauni 11 ziingie kwenye upatu wetu kila mwezi.

Tulisaini kwa simu tarehe 19 Agosti. Tukaambiwa tutaungwa tarehe 9 Septemba. Tukapiga kampuni ya zamani wenyewe, tukawaambia wakate tarehe 8. Kosa la kwanza hilo, tutalirudia.

Tarehe 9 ikafika. Ruta ilishakuja kwa posta, tumeilipia pauni 10 za kutumiwa, taa yake inawaka nyekundu. Tukapiga simu, muziki dakika arobaini, kisha kijana mpole akatuambia hapana, nyumba yenu inahitaji fundi. Fundi atakuja Jumanne tarehe 17, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Kaka mmoja akaomba ruhusa saiti. Wa ujenzi mnajua: siku usiyofanya hulipwi. Kwake ilikuwa pauni 85. Akakaa dirishani hadi saa saba, saa nane, saa tisa. Fundi hakuja.

Miadi ya pili Ijumaa tarehe 27. Kaka yule yule akakaa tena, pauni 85 nyingine. Fundi hakuja. Tulipopiga jioni tukaambiwa kwenye kompyuta inaonekana fundi alifika, akakuta hakuna mtu. Jamani! Mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai tangu asubuhi.

Fundi aliyekuja kweli alikuja Jumatatu tarehe 21 Oktoba. Safari hii aliyemngoja ni mwenzetu wa zamu ya usiku, alikesha kazini kisha akakesha mchana. Fundi yule, mtu mwema kabisa, aligundua tatizo kabla hajamaliza kuvua koti. Nyumba ile ilikuwa imegawanywa, chini wapangaji wengine na juu sisi. Oda yetu iliandikwa namba ya nyumba tu, bila kusema ya juu. Kwa hiyo kwenye mfumo wao ilionekana laini tayari ipo na ina mtu. Dakika 25 akamaliza.

Kwa nini bei chee na kuchelewa huenda pamoja

Hapa tunaomba msomaji asiwe na hasira ya jumla. Kampuni za bei nafuu si zote za wezi, na nyingine zinafanya kazi nzuri tu. Ila ni vizuri kujua unachonunua.

Uingereza, nyumba nyingi zinafikiwa na nyaya za mtandao mmoja, Openreach, ambao ni wa kundi la BT. Kampuni unayosaini nayo mara nyingi haina waya wala fundi. Ina jina, matangazo, watu wa kupokea simu na mkataba na wenye waya. Wewe unamlalamikia muuzaji, muuzaji anatuma ujumbe kwa mwenye mtandao, mwenye mtandao anampangia fundi, fundi ana nyumba nane siku hiyo. Habari ikipotea katikati, kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Na kampuni inayouza kwa pauni 22 badala ya 33 imepunguza mahali fulani. Mara nyingi imepunguza watu wa kupokea simu.

Wakubwa walioko Uingereza siku nyingi watakumbuka mwaka 2006. Mwezi Aprili mwaka ule Carphone Warehouse, kupitia TalkTalk, walitangaza intaneti ya bure kwa mtu atakayechukua kwao simu na laini kwa kama pauni 21 kwa mwezi, mkataba wa miezi 18. Watu walimiminika kuliko kampuni ilivyojiandaa. Siku zile kumhamisha mteja kulihitaji fundi aingie kwenye jengo la mitambo ya simu la mtaa, achomoe waya wa mteja kwenye mtambo wa BT na kuuchomeka kwenye mtambo wa kampuni mpya, mmoja mmoja kwa mkono. Maelfu ya waya, mafundi wachache. Watu walingoja wiki na wiki, simu hazipokelewi, na bosi wa kampuni, Charles Dunstone, akaomba radhi hadharani. Hapakuwa na uongo kwenye bei. Kilichokosekana ni mikono ya kutimiza ahadi kwa kasi ile.

Tunapoona ofa ya ajabu, sisi siku hizi hatuulizi kwanza "ni ya kweli?" Tunauliza "wamejiandaa?" Ofa ikiwa na wiki moja tangu izinduliwe na kila mtu kwenye basi anaizungumzia, tunangoja mwezi.

Hesabu ya daftari

Siku 42 bila wifi, watu watano. Kila mmoja alinunua bando la ziada la pauni 10, mara mbili. Jumla pauni 100. Siku mbili za kazi za kaka, pauni 170. Jumla 270. Baada ya kulalamika kwa maandishi, kampuni ilifuta bili ya muda ambao hatukuwa na huduma, ikatupa na pauni 40 za kutupooza. 270 toa 40 ni 230. Akiba yetu yote ya miezi 18 ilikuwa 198.

Kwa hiyo tulifanya kazi ya kuhama, tukapiga simu zaidi ya kumi, tukanuniana jikoni, na mwisho tukalipa pauni 32 juu yake. Hapo hatujaweka usingizi wa mwenzetu wa usiku, na hatujaweka lililompata dada.

Lile la dada ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu halikuwa la wifi. Kifurushi kilikuja na kadi ya simu ya mkononi, kumbuka. Dada yetu wa usafi akasema basi mimi nitaihamishia namba yangu huko, nipunguze na bili ya simu. Kadi yake ya zamani ikazimika, mpya ikagoma kuwaka kwa siku nne. Siku ya pili mama yake akalazwa Mombasa, na hospitali ikataka amana kabla ya kipimo. Programu anayotumia kutuma pesa ilimtaka aingize namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Inatumwa wapi? Kwenye namba iliyokufa. Pesa anayo, iko benki, mama yuko kitandani, na yeye ameishika simu isiyopokea ujumbe.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kazi, alitoa taslimu kwenye mashine akaenda kungoja duka la wakala lifunguliwe. Alilipa ada ya pauni 6 zaidi ya aliyozoea na akachelewa kazini. Mama alipimwa siku iliyofuata, alipona, alhamdulillahi. Lakini dada hajasahau usiku ule, na sisi pia.

Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote: namba ya simu inayopokea siri za benki na za programu ya kutuma pesa usiiweke kwenye kifurushi cha majaribio. Iache ilipo. Ukiona lazima uihamishe, fanya hivyo baada ya huduma mpya kuonyesha inafanya kazi, usifanye wiki ya kutuma ada za shule, na kabla hujaihamisha ongeza namba ya mtu mwingine au barua pepe kwenye akaunti yako kama programu inaruhusu. Uingereza tangu Julai 2019 unaweza kupata kodi ya kuhama kwa kutuma neno PAC kwenda 65075 bila kupigia mtu yeyote, na ukishaikabidhi kodi hiyo kwa kampuni mpya, namba inatakiwa ihame ndani ya siku moja ya kazi. Inatakiwa. Ya dada ilichukua nne.

Tungeuliza nini kabla ya kusaini

Swali lililotugharimu kuliko yote lilikuwa hili: je, kampuni hii iko kwenye mpango wa fidia ya moja kwa moja wa Ofcom? Ofcom ndiyo mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza. Mpango ulianza tarehe 1 Aprili 2019. Viwango vyake vya mwanzo vilikuwa pauni 5 kwa kila siku huduma mpya inapochelewa kuanza, pauni 25 kwa fundi asiyekuja au aliyeahirisha bila kukupa taarifa ya siku nzima, na pauni 8 kwa siku ikiwa huduma iliyokatika haijatengenezwa baada ya siku mbili za kazi. Viwango hupanda kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, kwa hiyo leo ni zaidi ya hapo. Uzuri wake huombi. Pesa inaingizwa kwenye bili yenyewe.

Lakini mpango ni wa hiari. Kampuni kubwa nyingi zimo, na ndogo nyingi hazimo. Yetu haikuwemo. Ingekuwemo, siku 42 mara pauni 5 ni 210, na miadi miwili ya fundi ni 50. Pauni 260! Tulipata 40. Tofauti ile ya pauni 11 kwa mwezi ndiyo iliyokuwa bei ya kutokuwa na kinga hiyo, ila hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza.

Swali la pili ni la anwani. Sisi wahamiaji tunaishi kwenye nyumba zilizokatwakatwa: chumba cha juu, nyumba ya nyuma, juu ya duka. Mwambie anayekuuzia asome anwani kama alivyoiandika, neno kwa neno, pamoja na namba ya ghorofa au chumba. Muulize kama kwenye anwani hiyo tayari kuna laini inayotumika na ya nani. Dakika mbili hizo zingetuokolea wiki sita. Na kama mkataba wa nyumba si wa jina lako, ongea na mwenye nyumba mapema, maana fundi akihitaji kutoboa ukuta atataka ruhusa.

Swali la tatu: jumla ya yote ni kiasi gani hadi mwisho wa mkataba, na bei itapanda lini? Kwa mikataba mipya Uingereza, tangu tarehe 17 Januari 2025 kampuni hairuhusiwi kukuambia "bei itapanda kwa mfumuko wa bei na asilimia kadhaa juu". Inatakiwa iseme kwa pauni na peni, na mwezi gani. Andika namba hiyo. Kifurushi cha pauni 22 kinachopanda pauni 3 kila Aprili si kifurushi cha pauni 22.

Na usikate huduma ya zamani wewe mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tangu Septemba 2024 ukihama kampuni kwenye nyumba ile ile, unaongea na kampuni mpya tu, na yenyewe inapanga na ya zamani ili moja izime nyingine ikiwaka. Ukipiga simu mwenyewe kuikata ya zamani unajitengenezea shimo katikati. Ukihamia nyumba nyingine ni jambo tofauti, hapo panga muda wa ziada, na usiamini tarehe ya kwanza.

Kuna jingine tunaulizwa sana. Ndiyo, zipo bei za chini maalumu kwa watu wa kipato kidogo, lakini nyingi zinawataka wanaopokea msaada wa serikali kama Universal Credit. Kama viza yako imeandikwa huruhusiwi kupokea fedha za umma, usidanganywe na mtu anayekuambia "omba tu upate intaneti ya bei chee". Pauni 10 za wifi hazilingani na matatizo ya viza.

Ikishachelewa

Tarehe ikipita bila huduma, siku hiyo hiyo fungua ukurasa kwenye daftari au kwenye simu. Andika tarehe, saa, jina la uliyeongea naye, alichokuahidi, namba ya kumbukumbu. Omba namba ya kumbukumbu kila mara. Asiyetaka kukupa, andika hivyo pia. Kama mnaongea kwa kuandikiana kwenye tovuti yao, piga picha ya mazungumzo kabla hujafunga. Siku ya miadi ya fundi, piga picha ya mlango ukiwa umesimama pale saa ya miadi, na muda uonekane. Kaka yetu alifanya hivyo mara ya pili kwa hasira tu, si kwa akili, lakini picha ile ndiyo iliyowanyamazisha walioandika "hakuna mtu nyumbani". Tunaamini zile pauni 40 zilitoka kwenye picha ile.

Hesabu siku 14. Ukinunua kwa simu au mtandaoni Uingereza, una siku 14 tangu mkataba ufungwe za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Angalia zetu: tulisaini tarehe 19 Agosti, siku 14 zikaisha tarehe 2 Septemba, na tarehe ya kuungwa ilikuwa 9. Yaani tulipogundua kuna tatizo mlango ulishafungwa wiki nzima. Ndiyo maana siku hizi tunaomba tarehe ya kuungwa iwe ndani ya siku 14, au tunapiga simu siku ya 12 kuuliza kama oda imethibitishwa na wenye waya. Wakijikanyaga, tunatoka. Hata siku 14 zikipita, kampuni inayoshindwa kabisa kukuunga haiwezi kukushikilia milele kana kwamba imetimiza sehemu yake, ila hapo utabishana kwa maandishi, na itachukua muda.

Usikimbilie kufuta dairekti debiti. Tunajua inauma kuona pauni 22 zinakatwa na taa ya ruta bado nyekundu. Kaka alitaka kwenda benki siku ile ile. Tatizo ni kwamba kampuni ikikuona hujalipa itakuandika deni, na deni hilo linaweza kuingia kwenye rekodi yako ya mikopo. Siku utakapotafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari la kazi, utaulizwa. Kwanza lalamika kwa maandishi, taja kiasi kilichokatwa na siku ambazo hukuwa na huduma, udai kirudishwe. Kama benki imekatwa kiasi au tarehe tofauti na mlivyokubaliana, hapo benki yenyewe inatakiwa ikurudishie.

Kuhusu lugha: usiogope Kiingereza chako. Malalamiko mazuri ni mafupi. Mistari mitano inatosha: nilisaini tarehe fulani, mliniahidi tarehe fulani, hadi leo ni siku kadhaa, nimepoteza kiasi fulani kwa sababu hii na hii, nataka mniunge kufikia tarehe fulani na mnilipe kiasi hiki. Ni vizuri useme kwamba haya ni malalamiko rasmi, kwa sababu bila neno hilo wanaweza kuihesabu kama simu ya kuulizia tu. Matusi yaache jikoni, tuliyatumia yote na hayakutuongezea hata peni.

Muda uliowekwa ukipita tangu ulalamike rasmi bila suluhisho, huna haja ya kuendelea kubembeleza. Kila kampuni ya intaneti ya nyumbani Uingereza, iwe kubwa au ndogo, iwe kwenye mpango wa fidia au nje yake, lazima iwe mwanachama wa chombo huru cha usuluhishi. Wewe hulipi kitu. Ofcom yenyewe haiamui kesi ya mtu mmoja mmoja, ila ukiwaambia wanaandika, na kampuni yenye malalamiko mengi huchunguzwa.

Wakati mnangoja, msifanye tulivyofanya sisi, kila mtu na bando lake. Nunueni laini moja ya bando kubwa ya mwezi mmoja mmoja isiyo na mkataba, muiweke kwenye simu moja ya zamani ibaki nyumbani inagawa wifi. Kwetu ingegharimu kama pauni 60 kwa wiki zile sita badala ya 100. Na muda mrefu zaidi: mwenzetu mmoja aliyehamia peke yake alibaki na njia hiyo moja kwa moja, hana ruta wala fundi. Kwa mtu mmoja anayeangalia simu jioni tu inawezekana kabisa.

Mlioko Ghuba na Marekani

Dada zetu wa kazi za ndani Muscat, Dubai na Riyadh, wengi hamsaini intaneti kabisa, mnatumia ya nyumba ya mwajiri au bando la simu. Kwenu hatari iko pengine. Kwanza, usikubali laini au mkataba wa intaneti uandikwe kwa kitambulisho chako kwa ajili ya mtu mwingine, hata kama ni ndugu wa kijiji kimoja. Bili isipolipwa itakutafuta wewe, na unaweza kuijua siku unapoondoka nchini. Pili, kwa kaka wa kambini mnaochangia wifi ya chumba: anayekusanya pesa aonyeshe bili kila mwezi, na mkataba usizidi muda uliobaki kwenye viza ya aliyesaini. Mkataba wa miaka miwili kwa mtu aliyebakisha miezi saba ni deni lililoshikiwa tarehe. Malalamiko yanaanzia kwa kampuni, kisha mamlaka: Oman ni TRA, Imarati ni TDRA, Saudia ni CST.

Marekani, kampuni zinatakiwa kuonyesha lebo ya bei na kasi wanapokuuzia, kama lebo ya chakula. Isome kabla ya kumsikiliza muuzaji. Ule msaada wa serikali wa dola 30 kwa mwezi uliisha mwaka 2024, kwa hiyo anayekupigia kukuahidi huo anataka namba zako tu. Ukicheleweshwa, peleka malalamiko FCC mtandaoni, ni bure, na kampuni inatakiwa ijibu ndani ya siku 30.

Mkataba wetu uliisha Aprili 2021. Tusiseme uongo, ile intaneti ilipowaka ilikwenda vizuri, na kufungiwa kwa Machi 2020 kulitukuta tunaitegemea kwa kila kitu. Kabla mkataba haujaisha kampuni ilitutumia taarifa kwamba bei ingepanda kutoka pauni 22 hadi 34 tukikaa kimya. Tulikaa tena mezani, safari hii watatu tu, wawili walishahama. Tukapiga simu na daftari mkononi, tukataja siku 42. Wakatuachia kwa 24, mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Kadi ya simu ya kwenye kifurushi tuliirudisha.

Kama una kifurushi kinachokusumbua sasa hivi, tuandikie nchi uliyopo, tarehe uliyosaini, tarehe uliyoahidiwa na kiasi unachokatwa. Usitutumie namba ya akaunti wala nywila. Tutakusaidia kupiga hesabu, na kama ni barua, tutaiandika pamoja.